Mdoli unaokunja goti: sanaa ambayo Usukuma iliijua zamani

Mavuno yakishaingia ghalani, kati ya Juni na Agosti, Usukuma huingia msimu wa mbina, yaani ngoma. Kwa vizazi vingi mashindano yamekuwa na kanuni moja: vyama viwili hasimu vya ngoma, Bagalu na Bagika, hucheza kwa wakati mmoja, uwanja mmoja, na ushindi ni wa upande uliovuta watu wengi. Hakuna jaji mwenye kalamu. Miguu ya watazamaji ndiyo kura. Ndiyo maana kila manju alitafuta kitu ambacho mpinzani wake hana. Wapo walioleta wimbo mpya, wapo walioleta chatu, wapo walioleta nungunungu, na wengi walijikinga kwa samba, dawa ya kuvutia watu. Wapo pia waliotoa sanamu za mbao zenye umbo la binadamu, zilizochongwa na watu wazima kwa ajili ya watu wazima, baadhi zikiwa na mikono iliyoungwa mabegani ili ipande na kushuka ngoma inapopigwa.

Naanza na sanamu hizo kwa sababu siku hizi kuna sanaa inayokua kwa kasi Japani, Korea Kusini, Ulaya na Marekani, nayo vijana wetu wanaiona kwenye simu zao Shinyanga mjini, Kahama na Katoro. Ni sanaa ya kukusanya na kuunda midoli yenye viungo vya gololi. Wengi wanaiona kuwa mambo ya wageni wenye fedha za kuchezea. Mimi naiona kuwa jamaa wa karibu wa kazi iliyofanywa na wachongaji wa Usukuma, na naamini ukanda huu una mikono ya kuifanya vizuri.

Umbo na mpira

Mdoli wa kawaida wa dukani ni plastiki iliyomiminwa. Mkono wake huzunguka begani tu, mguu husimama wima kama kigingi, na basi. Mdoli wa viungo vya gololi umejengwa kwa falsafa nyingine. Kila kipande, kuanzia kichwa, kifua na tumbo hadi paja, muundi, kiganja na unyayo, kimetengenezwa peke yake na kina uwazi ndani. Pale vipande viwili vinapokutana, kimoja huishia kwenye umbo la tufe na kingine huwa na kikombe cha kulipokea. Ndani hupita lastiki nene inayoanzia kwenye kulabu ya kichwani, ikashuka kifuani na kugawanyika kwenda miguuni. Nyingine hupita mabegani kutoka kiganja hadi kiganja.

Lastiki ndiyo inayofanya kazi ya misuli. Ikivutwa kwa kiasi, gololi hukaa ndani ya kikombe chake na mdoli unaweza kusimama bila kushikiliwa, kukaa na kukunja nne, kuinua mkono shavuni, au kupiga goti kama mkamwana anayesalimia wakwe. Ikilegea, mdoli huanguka. Ikikaza kupita kiasi, mguu hurushwa kwa nguvu na kiungo hugoma kukunjika. Fundi mzuri hujua kwa vidole ni wapi pa kuacha. Baada ya miaka kadhaa lastiki huchoka, naye mwenye mdoli huufungua wote, akavuta lastiki mpya na kuufunga tena.

Midoli mingi ya aina hii hutengenezwa kwa rezini ya poliyurethani, nayo ni mizito kidogo na ina mguso unaofanana na kauri. Ukubwa hupimwa kwa kulinganisha na binadamu. Wa theluthi moja huwa na urefu wa sentimita 60 hivi, wa robo hufika 40 hivi, na wa moja ya sita hukaribia 27. Bei ya mmoja mpya kutoka kiwandani huwa dola mia kadhaa za Marekani, na mara nyingi mnunuzi huuagiza kisha akasubiri kwa miezi, kwa kuwa humiminwa kwa oda.

Kazi huanza baada ya kununua

Kinachoifanya sanaa hii iwe zaidi ya ununuzi ni kwamba mdoli hufika haujakamilika. Mara nyingi huja na uso mtupu, bila nyusi, bila rangi ya midomo, wakati mwingine bila macho wala nywele. Mwenyewe ndiye anayeamua utakuwa nani.

Kwanza ni msasa. Rezini hutoka kwenye kalibu ikiwa na mstari pale nusu mbili za kalibu zilipokutana, na mstari huo husuguliwa mpaka upotee. Kazi hiyo hufanywa kwa barakoa nzuri na msasa uliolowekwa maji, maana vumbi la rezini huumiza mapafu. Wachimbaji wadogo wa Geita wanaosaga mawe watalielewa onyo hilo bila maelezo marefu.

Pili ni uso. Mchoraji hupuliza vanishi isiyong'aa ili rangi ipate pa kushika, kisha husaga chaki za rangi kuwa unga na kuupaka kwa brashi laini: wekundu kidogo mashavuni, kivuli juu ya kope, rangi nzito kidogo kwenye mfereji wa midomo. Baada ya kila tabaka hupuliza vanishi tena, na tabaka zinaweza kufika tano au zaidi. Nyusi huchorwa unywele mmoja mmoja kwa rangi ya maji au akriliki. Unyevunyevu ni adui wa hatua hii, kwani vanishi ikikutana na hewa ya mvua hubadilika kuwa na ukungu mweupe. Kiangazi cha Shinyanga, kikavu kama kilivyo, kinafaa sana kwa kupuliza, ilimradi vumbi lizuiwe, kwa sababu chembe moja ya vumbi ikinasa shavuni kazi ya siku nzima hufutwa na kuanza upya.

Tatu ni macho. Sehemu ya nyuma ya kichwa hufunguka, mara nyingi ikishikiliwa na sumaku, na macho ya kioo, akriliki au silikoni hubandikwa kwa ndani kwa udongo laini usiokauka. Kulisogeza jicho milimita moja kunatosha kubadilisha mdoli wenye huzuni ukawa mdoli wenye udadisi. Kisha hufuata wigi, nguo, viatu na mapambo. Wapo wanaotoboa masikio, wanaochonga upya pua au kuongeza makovu, na wapo wanaobadilisha rangi ya mwili mzima.

Utunzaji nao una kanuni zake. Rezini ikipigwa na jua hugeuka rangi ya manjano taratibu, na hakuna dawa ya kuirudisha kikamilifu kama ilivyokuwa. Wenye midoli huiweka mbali na dirisha lenye jua kali na huifunika wanaposafiri. Katika nyumba zetu za bati na madirisha makubwa, sanduku la mbao au kabati lenye mlango ndiyo makazi yanayofaa.

Safari ndefu ya kiungo

Wazo la mdoli wenye viungo ni la kale. Wagiriki walifinyanga midoli ya udongo yenye mikono na miguu iliyofungwa kwa nyuzi zaidi ya miaka 2,400 iliyopita. Mwaka 1889, wajenzi waliokuwa wakichimba msingi mjini Roma walikuta jeneza la msichana aitwaye Crepereia Tryphaena, aliyeishi karne ya 2, na pembeni yake mdoli wa pembe ya ndovu wenye viungo vinavyokunjika. Mwishoni mwa karne ya 19 makampuni ya Ufaransa kama Jumeau yaliuza midoli yenye vichwa vya kauri na miili iliyounganishwa kwa gololi na lastiki.

Aliyekitoa kiungo hicho chumbani mwa watoto na kukiingiza katika sanaa ya karne ya 20 ni Hans Bellmer, Mjerumani. Mwaka 1933, mwaka ambao Wanazi walishika madaraka, alianza kuunda mdoli mkubwa wa mbao na plasta kwa nia ya kuikataa ibada ya mwili imara na mtiifu iliyohubiriwa na utawala huo. Katika jumba la makumbusho la Berlin alikuta sanamu ndogo za mbao za karne ya 16 zenye viungo vya tufe, na mdoli wake wa pili, wa mwaka 1935, aliujenga kuzunguka gololi kubwa tumboni. Picha zake zilisambaa Ufaransa, naye alihamia Paris mwaka 1938.

Mwaka 1965 kijana wa Kijapani, Simon Yotsuya, aliziona picha hizo katika makala ya jarida na akabadilisha kabisa namna yake ya kuunda midoli. Japani ilikuwa na utamaduni wa karne nyingi wa midoli iliyopakwa gofun, unga mweupe wa magamba ya chaza, hivyo gololi ya Bellmer ilikutana na mikono iliyozoea subira. Kizazi cha wasanii kilifuata, wakitumia udongo wa unga wa mawe unaokauka bila kuchomwa. Mwaka 1999 kampuni ya Volks ilitoa Super Dollfie, mdoli wa rezini wa kuuzwa kwa watu wa kawaida, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 makampuni ya Korea Kusini yakaingia kwa nguvu. Kilichokuwa sanaa ya wachache kikawa burudani ya wengi.

Kwetu, mdoli ulikuwa mwalimu

Ukisoma historia hiyo unaweza kudhani Tanzania haimo. Imo. Wazaramo, Wakwere na majirani zao wa ukanda wa pwani huchonga mwana hiti, umbo dogo la mbao lenye kiwiliwili cha mche duara, bila mikono wala miguu, na juu yake kichwa chenye mtindo wa nywele unaogawanyika kama vilele viwili. Mwali aliyewekwa ndani alikabidhiwa mdoli huo, akaupaka mafuta, akautunza na kuubeba, na kwa njia hiyo akajifunza ulezi. Uliweza kurithishwa kutoka kwa mama kwenda kwa binti. Kuupamba kwa shanga na kuulinda usipate ufa ni kazi ileile ya mikono ambayo leo mkusanyaji wa Seoul anaifanya mezani kwake.

Hans Cory, Mwaustria aliyekuwa mwanasosholojia wa serikali ya Tanganyika na aliyeandika pia sheria na mila za Wasukuma, alichapisha mwaka 1956 kitabu kuhusu sanamu ndogo za udongo zilizotumika katika jando na unyago nchini. Kila sanamu ilikwenda na wimbo wake na funzo lake. Wakufunzi waliziunda, wakazitumia kufundishia, na sherehe ilipokwisha kazi yake ilikuwa imetimia.

Hapa Kanda ya Ziwa, sanamu za mbina ndizo zilizobeba jukumu la kushangaza na kuvuta. Mapokeo yanasema Bagalu walitokana na Gumha na Bagika na Ngika, wachezaji na waganga wawili mahasimu wa karne ya 19. Vifaa vya vyama hivyo viwili vinaonekana katika Makumbusho ya Wasukuma, Bujora, Kisesa, kando ya barabara ya Mwanza kwenda Musoma. Makumbusho hayo yalikua kutokana na juhudi za Padri David Clement, mmisionari kutoka Quebec, Kanada, aliyejenga utume wake Bujora kuanzia miaka ya 1950 na kuukaribisha utamaduni wa Wasukuma kanisani badala ya kuufukuza. Kila mwaka, kwa kawaida Juni, wakati wa Sikukuu ya Ekaristi, mashindano ya ngoma ya Bulabo hufanyika hapo.

Nje ya vyama vya ngoma kuna midoli ambayo haikuingia makumbusho yoyote: gunzi la mahindi lililovishwa kitambaa na kuachiwa nywele zake za asili, mtoto wa matambara anayebebwa mgongoni kwa kipande cha khanga, ng'ombe wa udongo mweusi wa mbugani wenye pembe ndefu kuliko mwili. Mtoto wa Shinyanga aliyefinyanga kundi zima la ng'ombe kando ya lambo ameshapata somo la kwanza la uchongaji.

Mikono ipo

Sasa turudi kwenye meza ya mdoli wa rezini na tuhesabu ufundi unaohitajika. Anahitajika mchongaji anayejua tezo, patasi na msasa. Anahitajika mshonaji anayeweza kukata gauni la sentimita 20 na kuliwekea mkunjo sahihi. Anahitajika msusi. Anahitajika mtunga shanga. Anahitajika sonara wa hereni na bangili ndogo. Nenda soko lolote la Kahama, Shinyanga au Geita uone kama kuna mmoja asiyekuwepo. Mafundi cherehani hutupa kila jioni vipande vya kitenge ambavyo kwa mdoli ni majora mazima. Wasusi wana mabaki ya rasta yanayotosha wigi ishirini. Masonara wa Geita wanafanya kazi nzito zaidi ya hereni ya mdoli kwa vifaa vilevile.

Hata mdoli wenyewe hauna sababu ya kuagizwa kwa mamia ya dola. Wasanii wa Japani wenyewe huunda kwa mikono, hufinyanga juu ya kiini cha sponji ngumu, huacha udongo ukauke, hukata, hutoa kiini, kisha huchonga viungo. Kwetu, mbao nyepesi au karatasi iliyolowekwa na kupondwa pamoja na uji wa wanga wa muhogo inaweza kushika nafasi ya udongo ule. Mipira ya manati inayokatwa kwenye tyubu ya baiskeli inaweza kujaribiwa badala ya lastiki ya kiwandani, na Shinyanga haijawahi kupungukiwa tyubu za baiskeli. Chaki za rangi zipo maduka ya vifaa vya shule. Kinachokosekana ni mtu wa kuuanza mtindo na mahali pa kukutana.

Vikwazo vya kusemwa wazi

Kikwazo cha kwanza ni aibu. Mwanamke mwenye kazi yake, au mwanamume, akionekana anauchana mdoli nywele, mtaani ataulizwa kama ana akili timamu. Jibu lipo Bujora: sanamu zile hazikuchongwa na watoto. Mtu anayetumia jioni zake kuchora nyusi unywele mmoja mmoja anajifunza utulivu, anatomia ya mwili na rangi, na anapata sehemu ya kuweka moyo wake baada ya zamu ya mgodini au siku ndefu ya dukani. Burudani ya namna hii haileti ugomvi wala haiuzi shamba.

Cha pili ni kizito zaidi. Katika ukanda huu umbo la mtu lililofungwa kamba linaweza kuamsha hofu ya uchawi, na hofu hiyo imekwisha kumwaga damu. Vikongwe wameuawa kwa sababu ya macho mekundu yaliyotokana na moshi wa kuni. Watu wenye ualbino wameshambuliwa na kuuawa kwa imani za kutafuta utajiri. Asiyeijua historia hiyo hana ruhusa ya kuleta midoli kijijini kimyakimya. Ndiyo maana nasema sanaa hii ifanyike hadharani: darasani, kwenye karakana yenye mlango wazi, kwenye maonesho, mbele ya wazazi na wazee, ili kila mtu aone kipande kinavyochongwa na lastiki inavyopita. Siri ndiyo chakula cha hofu.

Na hapo ndipo mdoli unapoweza kutusaidia kulipa deni letu kwa watu wenye ualbino. Katika miaka ya 1940, wanasaikolojia Kenneth na Mamie Clark wa Marekani waliwaonyesha watoto weusi midoli ya rangi mbili, na wengi wa watoto hao wakauona mdoli mweupe kuwa ndio mzuri. Ushahidi huo ulitajwa katika hukumu ya Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ya mwaka 1954 iliyopinga shule za ubaguzi. Mdoli hufundisha mtoto nani anastahili kupendwa. Mwaka 2020 kampuni ya Mattel ilitoa Barbie mwenye vitiligo. Sanaa ya viungo vya gololi inakwenda mbali zaidi, kwa sababu muundaji huchanganya rangi ya ngozi atakavyo. Shule ya Buhangija, katika Manispaa ya Shinyanga, imewalea watoto wengi wenye ualbino waliokimbizwa huko kwa usalama wao. Mdoli wenye ngozi yao na nywele zao, kofia pana na miwani, ukiundwa kwa kushirikiana na walimu na walezi wao, ungewaambia watoto hao, na wenzao wasio na ualbino, jambo ambalo hotuba nyingi hazijafaulu kulisema.

Tuanzie wapi

Vyuo vya VETA vinafundisha ushonaji na useremala, na mdoli wenye viungo ni zoezi zuri la stadi zote mbili, kwa kuwa kiungo kisichochongwa sawasawa hakisimami, na nguo isiyopimwa haivaliki. Viwanja vya Nane Nane vya Nyakabindi, Simiyu, vinapokea kila Agosti watu kutoka Shinyanga, Mara na Simiyu. Meza moja ya midoli iliyovishwa kaniki na shanga kama wachezaji wa mbina ingepata wateja na wanafunzi. Watalii wanaofika Bujora hutafuta kumbukumbu ya kuondoka nayo, na mdoli wa mchezaji wa bugobogobo anayeinua jembe lake kweli, kwa kiwiko kinachokunjika, una hadithi zaidi kuliko kinyago cha jumla kinachouzwa kila mahali.

Anayetaka kuanza asisubiri hata hayo. Achukue vijiti viwili vya mbao nyepesi na kipande cha tyubu. Achonge tufe mwishoni mwa kijiti kimoja na kikombe mwishoni mwa kingine, atoboe vyote kwa waya wa moto, apitishe mpira, auvute na kuufunga. Akikunje kiwiko hicho, kisha akiachie. Kikibaki pale alipokiacha, yuko tayari kuchonga goti.